Millicent wa Sutherland: Kutoka Kasri hadi Hema la Majeruhi

Sisi tunaofundisha historia ya uuguzi humtaja Florence Nightingale, Mwingereza aliyeweka msingi wa uuguzi wa kisasa, kabla hata daftari halijafunguliwa. Millicent, mke wa Duke wa Sutherland (duke ni cheo cha juu cha ukabaila wa Uingereza), tunampita kimya. Naona hiyo si haki.

Alizaliwa Scotland mwaka 1867, binti wa Earl wa Rosslyn (earl ni cheo kilicho chini ya duke), akaozwa siku alipotimiza miaka 17 katika ukoo uliomiliki zaidi ya ekari milioni moja za ardhi. Mwanamke wa hadhi hiyo alitarajiwa kuandaa karamu na kupendeza. Millicent aliandika riwaya, hadithi fupi na tamthilia. Mwaka 1904 alihariri kitabu cha mashairi, mshairi wa Ireland W. B. Yeats akiwa miongoni mwa waliochangia, ili kuchangisha fedha kwa ajili ya chama alichokianzisha cha kuwafundisha kazi za mikono vijana wenye ulemavu.

Vijana hao walitoka Staffordshire huko Uingereza, eneo la viwanda vya vyombo vya udongo, jirani na Trentham, mojawapo ya makazi ya familia yake. Sahani iling'aa kwa sababu ilichovywa kwenye uji wa kung'arishia uliochanganywa na risasi, yaani madini yenye sumu, si risasi za bunduki. Wachovyaji, wengi wao wanawake, walishinda mikono ikiwa ndani ya uji huo, na unga wake ukikauka waliuvuta kwa pumzi au waliula pamoja na mkate wao. Risasi hukaa mwilini muda mrefu. Fizi huweka mstari wa buluu, tumbo husokota, viganja hulegea na kuning'inia visiweze hata kuinua kikombe. Wengine walipofuka, na mimba nyingi ziliharibika.

Millicent alilisemea jambo hilo hadharani, akitaka sheria ya kupunguza risasi viwandani. Wapo waliochukia, wakambandika jina ambalo sisi tungesema "Millie Kiherehere". Nasisitiza jambo hili kwa sababu wasifu wake mwingi hukimbilia vitani, ilhali ujasiri wake ulikwisha kuonekana miaka mingi kabla ya vita.

Vita vilipoanza Agosti 1914, mumewe alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Millicent alivuka bahari hadi Ubelgiji, akaunda kikosi cha tiba chenye daktari mpasuaji mmoja na wauguzi wanane, kikapelekwa Namur. Mji huo ulizungukwa na ngome tisa zilizodhaniwa hazivunjiki. Mizinga mikubwa ya Wajerumani na Waaustria ilizibomoa kwa siku chache tu. Kikosi kilikuwa katika nyumba ya watawa, na majeruhi wa Kibelgiji na Kifaransa walipoanza kufika, walikuja kwa mkupuo, wengine wakiwa na vipande vya chuma mwilini. Mji ukatekwa. Usiku wa tarehe 24 Agosti jengo la manispaa na majengo ya uwanja mkuu yaliteketea, huku wagonjwa wasioweza kutembea wakiwa vitandani. Yeye na wauguzi wake hawakuwakimbia.

Baadaye alipata njia ya kurudi Uingereza kupitia Uholanzi, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amechapisha kitabu kuhusu wiki sita alizokaa vitani. Uzito wa kitabu hicho ni kwamba kiliandikwa kumbukumbu zikiwa bado mbichi, kabla mtu yeyote hajajua vita vitaishaje.

Akarudi tena. Mwaka 1915 alikuwa na hospitali ya mahema huko Bourbourg, kaskazini mwa Ufaransa. Mchoraji Mfaransa Victor Tardieu, aliyekuwa akijitolea huko, aliichora: vitanda chini ya turubai, jua likipenya, wauguzi wakiinama juu ya wagonjwa. Kisha Millicent akaendesha hospitali ya Msalaba Mwekundu huko Calais. Ufaransa ilimtunuku nishani ya Croix de Guerre, inayotolewa kwa ushujaa wa vitani.

Aliolewa mara tatu, akaishia kuishi Ufaransa. Wajerumani walipoivamia mwaka 1940 walimkamata akiwa na miaka 72. Aliwatoroka, akapitia Hispania na Ureno hadi Marekani. Vita vilipokwisha alirejea Ufaransa, na huko ndiko alikofia mwaka 1955.