Mazuku, bidoni na mchoro wa taarifa darasani

Siku moja katika somo la jiografia niliwagawia wanafunzi karatasi tupu nikawaambia wanichoree mazuku. Walitazamana. "Mwalimu, mazuku haionekani, tutaichoraje?"

Kwa msomaji asiye wa huku Goma, mashariki mwa Kongo: mazuku ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayopenya kutoka ardhini katika nchi hii yetu ya volkano, ikatuama mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Ina uzito wa takriban mara moja na nusu ya hewa ya kawaida. Haina rangi wala harufu. Mbuzi anaingia shimoni kutafuta majani katikati ya makoro, yaani mawe ya volkano, na hatoki.

Watoto wa hapa wamelisikia neno hilo tangu wadogo. Lakini ukiwauliza kwa nini mbuzi hufa na mchungaji aliyesimama kando yake akapona, darasa linanyamaza.

Kundi moja lilichora shimo, na ndani yake mtu mzima, mtoto na mbuzi, kila mmoja na kimo chake. Kisha msichana mmoja akapiga mstari wa kulala uliowakata wote watatu: ulipita juu ya kichwa cha mbuzi, shingoni mwa mtoto, kiunoni mwa mtu mzima. Chini ya mstari akajaza vinukta, juu akaacha weupe. Mwenzake akautazama muda mrefu, akauliza: "Na mtoto aliyelala mkekani?" Sikuwa nimelisema hilo. Amelisoma mwenyewe kwenye mstari wa rafiki yake.

Ndiyo maana naipenda infografiki, yaani mchoro wa taarifa, ikiwa kazi ya mwanafunzi kuliko ikiwa bango la kuning'iniza ukutani. Kwenye insha mtoto anaweza kunakili sentensi za daftari bila kuelewa hata moja. Akichora lazima aamue: kipi kiko juu ya kipi, kipi kinasababisha kipi, na kipi kiachwe kabisa. Kuacha ndiko kugumu zaidi.

Mabango ya mwalimu yana kazi yake pia, ila yanataka uangalifu. Bango langu la kwanza la Ziwa Kivu lilikuwa na namba ndani ya picha na maelezo yote chini. Niliona vidole vikipanda na kushuka: mtoto anashika namba 7, anashuka kutafuta maana yake, akirudi juu amekwisha kusahau alikuwa wapi. John Sweller na wenzake katika saikolojia ya ujifunzaji wameeleza chanzo: akili inaweza kushika mambo machache tu kwa wakati mmoja, na kazi ya kuunganisha picha na maneno yaliyo mbali inaila nafasi hiyo. Tangu hapo neno langu hukaa palepale penye kitu chake. "Gesi" imeandikwa ndani ya maji ya kilindini, kwa sababu ndiko iliko.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi ni la ukubwa. Wanafunzi walihesabu bidoni, yaani madumu ya maji, za lita 20 zinazotekwa nyumbani kwao kwa siku. Kwa mmoja zilikuwa mbili, kwa mwingine nne. Wakachora bidoni ndogo, na kando yake nyingine yenye kimo mara mbili, ambayo bila shaka ilipanuka mara mbili pia. Nilikata ile ndogo kwa mkasi nikawaambia waipange juu ya kubwa. Ziliingia nne. Hesabu inasema mara mbili, jicho linasoma mara nne, na msomaji huliamini jicho. Dawa yake ilitoka Vienna miaka ya 1920, kwa Otto Neurath na kundi lake, waliochora takwimu kwa picha: usiikuze picha, irudie. Sasa tunakata kielelezo kimoja cha bidoni kwa katoni, kila mtoto anakizungushia penseli mara anazohitaji, na bidoni zinasimama sawasawa kama foleni ya bombani.

Rangi nazo zinataka tahadhari. Watoto wetu wanazijua rangi za tahadhari ya volkano, kijani, manjano, chungwa na nyekundu, na hupenda kuzitumia. Lakini karatasi ikipita kwenye fotokopi ya nyeusi na nyeupe tu, rangi nyekundu na kijani hugeuka kijivu kilekile. Andika jina la rangi ndani yake, au tumia mistari na vinukta.

Sigeuzi kila somo kuwa mchoro. Shairi nalisoma kwa sauti, na tarehe nne za historia zinatosha kuandikwa ubaoni.

Katika kusahihisha sitoi alama kwa uzuri wa mkono. Namwita mtoto wa darasa la chini, mchoraji ananyamaza, mgeni anatueleza alichokiona. Mchoro wa mazuku tulimpa mvulana wa darasa la nne. Alifuata mstari kwa kidole hadi kiunoni mwa yule mtu mzima, akamtazama mbuzi aliyelala chini, akarudisha kidole juu.

"Basi mbuzi tumwache," akasema. "Huyu baba asiiname."