Metamofosisi: kiluwiluwi, pupa, kisha mbu

Katika nyumba za kale za mawe mjini Lamu, birika la chooni, yaani hodhi la maji, lilikuwa na samaki. Vidogo tu, si vya kitoweo. Sakafuni mwa birika hujengewa bakuli la kauri, ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kujisitiri. Kazi yao ilikuwa moja: kula viluwiluwi.

Kiluwiluwi ni mbu kabla hajawa mbu. Huko kugeuka umbo kwa mdudu, tangu yai hadi kukomaa, ndiko kunakoitwa metamofosisi. Mbu ana hatua nne: yai, lava (ndiye huyo kiluwiluwi), pupa, na mdudu kamili mwenye mabawa. Kwa joto la pwani, siku saba hadi kumi hivi zinatosha.

Kiluwiluwi hula kutwa, lakini ngozi yake haikui naye, basi huivua mara nne. Akivua ya nne, anatokea pupa.

Pupa ndiye anayenishangaza. Mtazame kwenye kata ya maji: kichwa kikubwa, mkia umejikunja kama alama ya koma. Hali chochote. Hupumua kwa vijimirija viwili vya mgongoni, na ukigonga ukingo wa chombo hupiga mbizi upesi. Ndani yake mwili wa zamani unavunjwa na mpya unaundwa. Baada ya siku mbili hivi mgongo unapasuka, na mbu anasimama juu ya ganda lake kama baharia juu ya dau, akingoja mabawa yakauke.

Kipepeo naye hupitia njia hiyohiyo, ila lava wake huitwa kiwavi, na pupa wake huning'inia tuli. Kiwavi hasafirishiki, maana kila siku atataka majani mabichi. Pupa hadai kitu. Ndiyo maana huko Gede, karibu na Malindi, mradi wa Kipepeo ulioanza 1993 hununua pupa kwa wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, na kuwauza ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Pupa wanafika, ndipo wanapasuka.

Kwa mende usitafute pupa. Mtoto wake ni mende yuleyule, mdogo, bila mabawa. Nzige vilevile: tunutu, yaani nzige mchanga, hurukaruka kwa miguu mpaka mabawa yaote. Hiyo ni metamofosisi isiyo kamili, na hapo samaki wa birika hawana la kukusaidia.