Je, wajua kwa nini asali huamka inapofika kwenye kidonda?

Msafiri anayetoka Nakuru kuelekea Marigat hukutana na asali ya Baringo kando ya barabara, imejazwa kwenye chupa ambazo nyingi zilianza maisha yake zikiwa na pombe kali. Mnunuzi mwenye shaka huchovya kijiti cha kiberiti ndani yake, akakiwasha, na kikishika moto huridhika kwamba asali haijatiwa maji. Jaribio hilo haliwezi kutofautisha asali na shira nzito ya sukari, lakini aliyelibuni aliuliza swali la maana, kwa kuwa nguvu ya asali dhidi ya vijidudu huanzia kwenye uchache wa maji yake.

Asali iliyokomaa huwa na sukari kiasi cha asilimia 80, na maji asilimia 17 au 18 hivi. Sukari nyingi kiasi hicho huyashikilia maji yote, hivyo bakteria anayetua humo hunyonywa maji ya mwilini mwake hadi akanyauka, kama inavyotokea kwa samaki anayehifadhiwa kwa chumvi. Isitoshe, asali ina uchachu ambao utamu wake huuficha: pH yake, kipimo ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, huwa kati ya 3.2 na 4.5, ilhali bakteria wengi wa vidondani hustawi karibu na 7.

Hata hivyo, kidonda hutoa majimaji, na majimaji huizimua asali. Ingekuwa inategemea sukari peke yake, ingeishiwa nguvu mapema, ila nyuki ameweka akiba nyingine. Anapochakata mbochi, maji matamu ya maua, kuwa asali, huitia kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali) kiitwacho glukosi oksidesi, kinachotoka kwenye tezi za kichwani mwake. Ndani ya asali nzito kimeng'enya hicho ni kama kimelala. Asali inapozimuliwa, kimeng'enya huamka na kuanza kuigeuza glukosi kuwa asidi pamoja na haidrojeni peroksaidi. Hii ni kemikali ile ile inayouzwa katika maduka ya dawa, ambayo hutoa povu jeupe ikimwagiwa kidonda. Tofauti iko kwenye kipimo: ya chupani hufika kwa wingi na huweza kuumiza nyama changa pamoja na vijidudu, ilhali ya asali hutoka kidogo kidogo, kwa muda mrefu, kutokana na unyevu wa kidonda chenyewe.

Kimeng'enya hicho hakivumilii joto. Asali iliyoganda ikachemshwa jikoni ili imiminike vizuri hubaki tamu, lakini sehemu kubwa ya dawa yake imekwenda. Asali ya manuka, kichaka cha New Zealand, haina udhaifu huo, kwani nguvu yake hutokana zaidi na methiliglioksali, kemikali ambayo watafiti wa Dresden, Ujerumani, waliitambua mwaka 2008 kuwa ndiyo siri yake.

Wamisri wa kale walifunga majeraha kwa asali zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Utabibu wa leo umeirudia kwa uangalifu zaidi: mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, mwaka 2015 yalionyesha kwamba majeraha ya moto yasiyozama sana hupona haraka zaidi kwa asali kuliko kwa baadhi ya bandeji za kawaida, ingawa kwa vidonda vya miguu vinavyotokana na matatizo ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) haikuonyesha faida ya wazi. Kwa maoni yangu, anayeisifu asali kuwa tiba ya kila kidonda anaidhalilisha.

Wala asali ya hospitali si ile ya mezani. Asali ya kawaida huweza kubeba spora, yaani mbegu sugu, za bakteria anayesababisha botulizimu, ugonjwa hatari unaopoozesha misuli, na ndiyo maana mtoto wa chini ya miezi 12 hapewi hata ya kulamba. Ya kitabibu hupigwa miale ya gama, inayoua spora bila kuharibu kimeng'enya, kisha hupakwa kwenye shashi kabla ya kufungwa juu ya jeraha. Wakati wa kubadilisha bandeji, shashi hiyo mara nyingi hutoka bila kuchubua nyama mpya, kwa sababu kati yake na kidonda kumebaki utando wa asali iliyozimuliwa, ambao muuguzi huuosha kwa maji ya chumvi.