Frieren ana hisia, msikilizeni anavyozungumza

Jana usiku nilikuwa nasahihisha insha za darasa langu la jioni la Kijapani. Mada ilikuwa mhusika wa anime unayempenda. Wanafunzi wanne walimchagua Frieren, na wote wanne wakaandika sentensi ileile kana kwamba walikaa meza moja: "Frieren hana hisia kwa sababu ni elfi." Nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia hata harusini kwa mpwa wangu, na sasa naisoma kwa Kijapani chenye makosa ya vihusishi. Vihusishi nimevisahihisha kwa kalamu nyekundu. Hilo lililobaki linahitaji nafasi zaidi ya pambizo la daftari.

Ya msingi nayapita haraka kwa kuwa mnayajua. Frieren ni elfi, kiumbe wa hadithi anayeishi miaka mingi mno, na kisa kinaanzia mwisho wa safari yake ya miaka kumi na shujaa Himmel, kasisi Heiter na mbilikimo Eisen. Manga ilianza Aprili 2020 katika Weekly Shonen Sunday, hadithi ya Kanehito Yamada, michoro ya Tsukasa Abe. Studio ya Madhouse ikaitengenezea anime, msimu wa kwanza ukiwa na episodi 28, kuanzia Septemba 2023 hadi Machi 2024. Sauti ya Frieren ni ya Atsumi Tanezaki, ambaye ndiye huyohuyo sauti ya mtoto Anya katika anime ya Spy x Family. Mwanamke anayeweza kupiga kelele za mtoto yule kisha akamsemea Frieren kwa utulivu ule hakukosa namna ya kuonyesha hisia. Ameupima utulivu huo neno kwa neno.

Hoja ya kwanza ninayoletewa ni jina. "Mwalimu, frieren kwa Kijerumani si ni kuganda kwa baridi?" Ndiyo. Na Stark, jina la mpiganaji kijana wa humo, maana yake ni mwenye nguvu, ila tunapokutana naye anatetemeka mbele ya joka. Majina ya Kijerumani humu hayatabiri tabia ya mtu. Tuendelee.

Hoja ya pili ndiyo inayoniudhi: mazishi ya Himmel. Waombolezaji wananong'ona kwamba Frieren hatoi hata chozi, na watazamaji wengi wanakwama hapo kwenye minong'ono, kana kwamba wambea wa msibani ndio waandishi wa hadithi. Subirini kidogo tu! Udongo ukianza kulifunika jeneza, anazungumza, na Kijapani chake kinavunjika. Anaanza na "datte", neno la mtoto anayejitetea kabla hajaulizwa. Kisha anapanga sababu kwa kiungo "shi": sikumjua chochote huyu mtu, shi, tulisafiri miaka kumi tu, shi. Kwa Kiswahili ningekiweka kama "tena": maana sikumjua, tena tulisafiri miaka kumi tu, tena... Sentensi ikiishia kwa "shi", sababu zinabaki zikining'inia na hitimisho halifiki. Mtu mtulivu wa kweli angemaliza sentensi zake. Ndipo machozi yanatoka, na anajiuliza kwa nini hakujaribu kumjua zaidi, ilhali alijua kwamba maisha ya binadamu ni mafupi.

Manukuu mengi, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha, yanaimaliza sentensi ile kwa niaba yake. Yanaweka nukta. Nukta moja inakuibia nusu ya tukio.

Sasa chukueni hesabu, maana hata hadithi yenyewe inaifanya. Frieren ameishi zaidi ya miaka 1,000. Safari ya miaka 10 haifiki hata moja ya mia ya umri wake. Mtu wa miaka 70, moja ya mia yake ni miezi minane na siku kadhaa. Mfikirie mtu uliyefanya naye kazi miezi minane ujanani, kisha mkapotezana. Ukisikia amefariki, utalia hivyo kando ya kaburi? Utaacha shughuli zako uanze kuwasoma wanadamu kwa ajili yake? Eisen, mbilikimo asiyependa maneno mengi, anamwambia kwamba moja ya mia hiyo ndiyo iliyombadilisha.

Tena kuna mashetani, na hapa ningeomba mnipe masikio yote mawili. Hadithi hii ina viumbe wasio na hisia hizo kweli, na imeeleza wazi ni akina nani. Katika kumbukumbu za safari ya zamani kuna shetani mdogo wa kike anayeita "mama" anapokaribia kuuawa. Himmel anasita, na kijiji kinampokea. Baadaye, mtoto yule akishaleta maafa mapya, anaulizwa kwa nini alitumia neno ambalo halina maana kwa jamii yake, maana mashetani hawalelewi na wazazi. Jibu lake ni kwamba ukilisema, wanadamu hawakuui. Yaani katika ulimwengu huu sauti ya kusihi na sura ya huzuni ni mtego wa mwindaji. Yamada amewapa wasio na moyo nyuso zinazojua kusihi, halafu akampa Frieren uso uliotulia. Anayempima kwa uso amenasa kwenye mtego uleule ambao kijiji kile kilinasa.

Mashetani hao ndio waliompa jina lililo kwenye jalada, "Sousou no Frieren", kwa sababu amewazika wengi wao kuliko msihiri yeyote katika historia. (Nasema msihiri. Mchawi sitamwita, kwetu mchawi ana sifa zake na hazimfai binti huyu.) Episodi ya 8 ina jina hilohilo kwa Kijapani, na Kiingereza kikalifanya la muuaji. Lakini "sousou" huandikwa kwa herufi mbili: ya kwanza ni kuzika, ya pili ni kupeleka, kama unavyompeleka mtu anayeondoka. Sisi tuna neno lake kamili: kusindikiza. Mgeni akiaga tunamsindikiza hadi kituoni, na jeneza tunalisindikiza hadi makaburini. Frieren anawasindikiza mashetani kwa hasira baridi, anamsindikiza Himmel akiwa amechelewa, anamsindikiza Heiter baada ya kukaa karibu naye miaka minne akimfundisha Fern, yatima aliyelelewa na Heiter. Jina moja linabeba yote matatu. Sijaona lugha nyingine iliyolipokea kwa urahisi kama Kiswahili, na naona fahari kulisema.

Hata hivyo kuna mahali sina uhakika, na darasani huwa sipafichi. Himmel alipiga goti akamvisha pete yenye umbo la ua ambalo maana yake ni upendo wa milele, na Frieren alikuwa ameichagua dukani bila kuijua maana hiyo. Je, alimpenda kama mke anavyompenda mume? Kuna siku nasoma naona ndiyo. Siku nyingine naona nampachika mapenzi ya kibinadamu kiumbe ambaye hadithi inamtofautisha na binadamu. Na kosa lake silifuti: alimwacha rafiki azeeke miaka 50 bila kumtembelea, akarudi kwa ajili ya vimondo. Hilo linauma, na linapaswa kuuma. Mwenye hisia anaweza pia kuwa mzembe kwa wale anaowapenda.

La mwisho ni sarufi, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Heiter akiulizwa kwa nini alimwokoa yatima Fern, anajibu kwamba shujaa Himmel angalifanya hivyo: "Himmel nara sou shita". Frieren analichukua jibu hilo likawa lake, katika vijiji, barabarani, mbele ya watu wasiokumbuka Himmel alikuwa nani. "Nara" ni "kama ni yeye", na kitenzi kiko katika wakati uliopita. Wanafunzi wangu huandika "angefanya", na siku hizi wengi wetu tunachanganya -nge- na -ngali- bila kujali. Hapa nakataa mchanganyiko. -Nge- inaacha mlango wazi, labda yupo, labda atakuja. -Ngali- inajua kwamba wakati umepita na hakuna wa kurudi. Himmel angalifanya hivyo. Kila Frieren anapolitamka, anakiri kwamba Himmel amekufa, kisha anafanya kile ambacho yule maiti angalikifanya. Anatumia nusu mwaka kutafuta ua la buluu la kijiji alikozaliwa Himmel, ili alipande kuzunguka sanamu yake. Sanamu hizo Himmel alizipenda, na alimweleza Frieren sababu mojawapo: Frieren asije akabaki peke yake huko mbele.

Daftari nne zile nazirudisha Jumanne. Tutaanza na mazishi, bila manukuu, na kila mmoja atahesabu "shi" ngapi amesikia.