Aksum Haikuletwa kwa Jahazi

Nimeulizwa tena, na safari hii na mwalimu wa historia: je, ni kweli Aksum, mji mkuu wa ufalme wa kale kaskazini mwa Ethiopia, ilijengwa na Waarabu kutoka Yemen? Hapana. Nitaeleza kwa urefu, maana nimechoka kulisikia dai hili kwa watu wanaofundisha watoto.

Dai lenyewe lina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayopoteza watu. Mnamo karne ya 8 na ya 7 KK, pale Yeha, mashariki ya Aksum, palijengwa hekalu la mungu Almaqah, na maandishi ya Kisaba, lugha ya ufalme wa Saba wa Yemen ya kale, yakachongwa kwenye mawe. Mkono wa Yemen pale hauna ubishi. Lakini Yeha ni Yeha. Kati yake na kustawi kwa Aksum zimepita karne kadhaa, na karne hizo watu huziruka kana kwamba hakuna aliyeishi ndani yake. Wanaakiolojia Rodolfo Fattovich na Kathryn Bard walichimba kilima cha Beta Giyorgis, juu kidogo ya mji, wakakuta makazi ya wenyeji ya tangu karne ya 4 KK hivi, yenye nguzo za makaburi za mawe. Huo ndio mzizi wa mji.

Sasa tazama nguzo kubwa za mawe za Aksum zenyewe. Ile kubwa kuliko zote, iliyolala chini vipande vipande, ina urefu wa mita 33 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 520. Imechongwa ifanane na jengo la ghorofa 13: chini kuna mlango wa uongo, juu yake safu za madirisha, na kati ya ghorofa vimejitokeza vichwa vya duara vya boriti. Hivyo vichwa ni ushahidi mzito kwamba ufundi ni wa wenyeji. Mafundi wa huko walijenga kuta za mawe wakizifunga kwa mbao, ncha za mbao zikabaki nje ya ukuta. Ufundi huohuo unauona katika kanisa la kale la Debre Damo, hukohuko Ethiopia, na umeigwa kwenye makanisa yaliyochongwa mwambani ya Lalibela karne nyingi baadaye. Jiwe nalo lilitoka machimbo ya Gobedra, kilomita 4 hivi magharibi, na alama za kabari bado ziko mwambani.

Kasri la Dungur, ambalo watalii huambiwa ni la Malkia wa Sheba, ni la karne ya 6 BK hivi. Sheba anayesimuliwa aliishi zama za Suleimani, miaka 1,500 hivi kabla. Sina la kuongeza hapo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mwelekeo wa mamlaka umegeuzwa kichwa chini. Katika maandishi yake ya karne ya 4, Ezana anajiita mfalme wa Aksum, kisha anaorodhesha Himyar na Saba, falme za Yemen, miongoni mwa milki zake. Kwa wakati wake nadhani hilo lilikuwa dai zaidi kuliko utawala halisi. Lakini mnamo mwaka 525 hivi Kaleb, mfalme mwingine wa Aksum, alivusha jeshi Bahari ya Shamu na kumpindua mfalme wa Himyar.

Vitabu vya shule huficha kwamba tunabishana bado. Jinsi nguzo zilivyosimamishwa, kila mtaalamu ana nadharia yake. Mapokeo yanasema Malkia Gudit ndiye aliyeiangusha ile kubwa. Wengi wetu tunaona ilianguka ilipokuwa inasimamishwa, kwa kuwa kitako chake, sehemu ya kufukiwa ardhini, ni kifupi mno kwa urefu ule. Kuhusu kufifia kwa mji katika karne ya 7, wengine hutaja biashara ya Bahari ya Shamu kuhama mikono, wengine ardhi iliyochoka. Mimi naegemea biashara, ila singeapa.

Sisi wa pwani tunalijua dai hili vizuri. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, ndiye pia aliyechimba Aksum kuanzia 1972 hadi 1974. Kuhusu miji ya Waswahili, yeye alitilia mkazo wahamiaji kutoka ng'ambo. Baadaye mwenzake Mark Horton alichimba Shanga, mji wa kale katika kisiwa cha Pate, Kenya, tabaka kwa tabaka, akaonyesha mji uliokua kutoka makazi ya wenyeji. Mwalimu, ukifundisha Aksum, anza na Beta Giyorgis. Yeha ifundishe katika somo lake.