Kuzoea Ugenini Si Mizani ya Sokoni

Malindi, mzee wa Kiitaliano akionekana asubuhi anachovya mahamri kwenye mbaazi za nazi, huku akitaniana na muuzaji kwa Kiswahili, watu husema: huyu keshakuwa Mswahili, Uitaliano umemtoka. Hata wataalamu waliwahi kuamini hivyo, kwamba utamaduni mpya ukipanda, wa zamani lazima ushuke.

Sivyo. Mwanasaikolojia John Berry wa Kanada alitenganisha maswali mawili: mtu anashika ya kwao kiasi gani, na anajiunga na wenyeji kiasi gani? Ndiyo maana dodoso moja maarufu la mwaka 2000, lenye jina la jiji la Vancouver, lina sentensi 20: 10 za utamaduni wa asili, 10 za utamaduni mwenyeji. Unaulizwa kama unafurahia utani wa kwenu, kisha, mbali na hapo, utani wa wenyeji. Kila sentensi ina alama 1 hadi 9, na jumla mbili hazichanganywi.

Mzee wetu wa mahamri (jioni hapikiwi wali, anataka tambi zake) huenda akapata alama za juu kotekote. Kipimo cha zamani, kilichoweka tamaduni zote mbili kwenye mizani moja, kingemweka katikati, sawa na mtu asiyejali huku wala kule.