Telomerasi na ndoto ya ujana wa kudumu

Telomerasi imesifiwa kwa miaka mingi kuwa kimeng'enya (protini inayochochea kazi za kemikali ndani ya seli) cha ujana: iongeze mwilini, uzee utasubiri. Mambo si mepesi hivyo.

Kila seli inapogawanyika, ncha za kromosomu zake (nyuzi zinazobeba jeni) hupungua, mithili ya penseli inayochongwa. Zikipungua sana, seli huacha kugawanyika, na kikomo hicho ni kinga yetu dhidi ya saratani. Telomerasi, iliyogunduliwa na Carol Greider na Elizabeth Blackburn mwaka 1984, huzirefusha tena ncha hizo kwa herufi zilezile sita za DNA, TTAGGG, mara nyingi mfululizo. Saratani nyingi, takriban asilimia 85 hadi 90, huiwasha ili zizidi kugawanyika. Kwa kawaida haianzishi saratani (hiyo ni kazi ya hitilafu za jeni), ila huiondolea seli mbovu kikomo chake.